Nimelipua haramia, pesa iko wapi? Utatuzi wa matatizo ya baunti kwenye michezo ya anga za juu

Malalamiko ya mwindaji mpya hufuata mpangilio uleule. Siku ya kwanza: nimelipua haramia, moto nimeuona kwa macho yangu, lakini pochi haijaongezeka hata senti. Siku ya tatu: polisi wananifukuza mimi, na haramia anapita pembeni kama hajui kitu. Wiki ya pili anaandika kwa hasira kwamba mchezo una hitilafu. Mara chache huwa kweli. Mara nyingi mchezo umefanya kile ulichoundwa kufanya, ila hakuna aliyemweleza.

Baunti ni zawadi iliyotangazwa juu ya kichwa cha mtu, na ukiitazama vizuri ni deni tu. Kuna aliyeahidi kulipa, kuna mipaka ambamo ahadi yake ina nguvu, na kuna ushahidi anaoutaka kabla hajatia mkono mfukoni. Kwa hiyo kabla hujafuta mchezo na kuupakua upya, ukamaliza bando lako bure, jiulize: nani alitangaza, sheria yake inaishia wapi, na ushahidi wangu uko wapi? Karibu kila dalili iliyoko hapa chini inajibiwa na moja ya maswali hayo.

Nitakaa zaidi kwenye michezo miwili. Elite Dangerous ni ya Frontier Developments wa Cambridge, Uingereza, na ilitoka Desemba 2014. EVE Online ni ya CCP wa Iceland, ilianza Mei 2003. Star Citizen nitaipitia kwa haraka, maana bado iko kwenye majaribio na kanuni zake hubadilika kabla wino haujakauka.

Dalili: chombo cha haramia kimelipuka, pochi iko palepale (Elite)

Huenda hujapoteza chochote. Elite haikulipi papo hapo, inakupa vocha. Na vocha ya baunti ni kama vocha ya simu: ukiwa nayo mfukoni lakini hujaikwangua, huwezi kupiga hata simu moja. Tua kwenye kituo cha mamlaka iliyotangaza ile zawadi, fungua orodha ya watu wa kuwasiliana nao, nenda kwa afisa wa mamlaka, ukabidhi. Hapo ndipo pochi inaposogea.

Kama hata vocha hukupewa, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni ukaguzi. Ukilenga chombo na kukielekezea pua ya chombo chako kikiwa karibu vya kutosha, mchezo huanza kukikagua wenyewe, na baada ya sekunde chache maandishi huonyesha kama kinasakwa au ni safi. Ukifyatua kabla ukaguzi haujaisha, kwa macho ya sheria umemshambulia raia, hata kama baadaye inagundulika alikuwa haramia sugu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo wiki nzima ya kwanza. Kidole changu kilikuwa chepesi kuliko skana, na kila jioni nilikuwa nalipa faini badala ya kulipwa.

Sababu ya pili ni kwamba hukumgusa. Ukifika kwenye pete za sayari ambako wachimba madini wanavamiwa, ukamkuta haramia amezingirwa na polisi, ukamwangalia akifa, hupati kitu. Lakini ukimpiga hata kidogo kabla hajafa, zawadi ni yako hata kama risasi ya mwisho ni ya polisi. Ndiyo maana wanaoanza na chombo kidogo hushauriwa wakae karibu na polisi, waumize kidogo, waache wakubwa wamalize. Si ushujaa, lakini inalipa. Kwa kazi hiyo chagua maeneo ya uchimbaji ya hatari ndogo au ya kati. Yale yaitwayo Hazardous hayana polisi kabisa.

Sababu ya tatu: ulikuwa vitani. Kwenye maeneo ya mapigano kati ya makundi mawili hakuna baunti, kuna hati za vita, na huzipati mpaka uchague upande kwenye paneli ya chombo chako. Mtu anayeingia bila kuchagua upande, akafyatua huku na huku, anatoka mikono mitupu.

Sababu ya nne huwachanganya hata wazoefu. Katika mifumo ya nyota isiyo na serikali, ile iitwayo Anarchy, hakuna sheria ya kuvunja, hivyo hakuna anayesakwa hapo. Unaweza kumwua yeyote, na hakuna atakayekulipa wala kukushtaki. Haramia wako huenda ana deni kubwa mahali pengine, ila pale ulipompata hakuna mtu aliyetangaza chochote. Kifaa kiitwacho Kill Warrant Scanner ndicho kinachofichua madeni ya mbali. Ukikifunga na kumkagua nacho kabla hajafa, baunti zake za mifumo mingine zinaingia kwenye hesabu yako.

Dalili: skana imeonyesha baunti, nimepiga, na sasa mimi ndiye mhalifu

Hii ni pacha wa ile iliyotangulia, na ndiyo inayoonyesha vizuri kuwa kila deni lina mipaka. Kill Warrant Scanner hukuonyesha kwamba mtu anasakwa kule. Haikupi ruhusa ya kumpiga hapa. Kama maandishi ya kawaida yanasema ni safi katika mfumo uliopo, basi hapa ni raia mwema, na ukimpiga umevunja sheria ya hapa. Mfuate mpaka kwenye mamlaka inayomdai, au umngoje mahali pasipo na sheria.

Kwa hiyo soma vitu viwili kwa mpangilio huu: kwanza hali yake mahali ulipo, kisha orodha ya madeni ya mbali. Hali ya hapa ndiyo ruhusa. Orodha ya mbali ni nyongeza ya malipo.

Dalili: nilikuwa na vocha za mamilioni, sasa sina hata moja

Ulikufa. Vocha ambazo hujazikabidhi huungua pamoja na chombo. Bima itakurudishia chombo kwa takriban asilimia 5 ya thamani yake, lakini haijui habari za vocha. Hakuna njia ya kuzirudisha na hakuna wa kumlalamikia.

Kinga yake ni kutua mapema. Kuna watu wanaokaa saa nne kwenye pete wakijaza vocha kama mtu anayejaza daladala jioni, mmoja zaidi, mmoja zaidi, mpaka haramia wa mwisho anakuja na wenzake watatu.

Dalili: kituo hakitaki vocha zangu, au kimenikata robo

Kituo hulipa deni la mamlaka yake tu. Vocha ulizozipata kwa Kill Warrant Scanner zinaweza kuwa za mifumo mitano tofauti, na huwezi kumdai jirani deni la mtu mwingine. Zile za dola kubwa kama Federation au Empire zina wigo mpana zaidi, kwa kuwa dola hizo zina vituo vingi.

Kwa zilizobaki kuna dalali. Huduma iitwayo Interstellar Factors, inayopatikana kwenye vituo vya mifumo yenye ulinzi mdogo, itazinunua vocha zote kwa mkupuo na kukata asilimia 25. Ndiyo robo yako ilikokwenda. Kama baunti ni ndogo na mfumo wenyewe uko mbali, mpe dalali robo yake ulale. Kama ni kubwa, piga hesabu ya safari kwanza.

Dalili: polisi wananipiga, na sijui nimefanya nini

Anza na jambo dogo. Katika vita vya karibu leza yako inaweza kumgusa polisi aliyekatiza mbele. Mguso mmoja wa bahati mbaya kwa kawaida husamehewa, lakini silaha zinazojilenga zenyewe hazijui kusema pole, zinaendelea. Ukiona chombo cha polisi kinageuka kwako, acha kufyatua mara moja na ukunje silaha. Kuendelea kupiga ndiko kunakogeuza ajali kuwa kosa.

Kama umeshawekewa baunti, lazima ujue kitu kilichobadilika Februari 2018, toleo la 3.0 lilipotoka. Kabla ya hapo deni lilikuwa juu ya rubani. Wajanja wakagundua njia: fanya uhalifu kwa chombo cha bei mbaya, kisha panda kile kidogo cha Sidewinder, kinachotolewa bure, ujiue, na deni linafutika. Gharama yake ilikuwa karibu na sifuri. Tangu 2018 deni hubandikwa kwenye chombo chenyewe. Chombo kilichotumika kwenye kosa kinakuwa cha moto, na vipuri vyake, hata ukivihamishia kwenye chombo kingine, vinabaki vya moto. Ukipanda chombo kingine kisafi unatembea huru, ila kile cha kwanza kinakungoja na deni lake.

Dalili ndogo ya hali hii: unatua kituoni, unakaribishwa, lakini nusu ya huduma zimefungwa. Umepokelewa kama mgeni asiyetajwa jina. Dawa ni kukipeleka chombo nje ya mamlaka inayokudai, kwa yule yule dalali wa Interstellar Factors, ulipe na kusafisha. Usipolipa na polisi wakakulipua, utaamkia kwenye kituo cha kizuizini mbali na ulikokuwa, na deni litadaiwa pamoja na gharama za chombo.

Na ikiwa dalali mwenyewe anakataa pesa yako? Angalia alama yako ya sifa mbaya, inayokwenda kutoka 0 hadi 10 na kupanda kila unapomwua asiye na hatia. Ikiwa juu ya sifuri huruhusiwi kulipa baunti. Inashuka pointi moja kwa kila saa mbili za kucheza, na saa hizo ni za kuwa ndani ya mchezo, si za kulala. Mwenye 10 ana saa ishirini mbele yake. Wengine huacha mchezo umewashwa usiku kucha ndani ya kituo, wakaamka asubuhi wakiwa watu wema.

Dalili: mchezaji amenishambulia lakini hana baunti yoyote

Fungua paneli ya kulia, utafute swichi ya kuripoti makosa yanayofanywa dhidi yako. Ikiwa imezimwa, umeiambia serikali isikusikilize. Watu huizima wakifanya mazoezi ya kupigana na marafiki, kisha wanasahau kuiwasha.

Dalili: kwenye EVE pesa inachelewa, au inaingia pungufu

Hapa mlipaji ni mmoja tu, polisi wa mchezo waitwao CONCORD, kwa hiyo huhitaji kutua wala kukabidhi vocha. Baunti za maharamia wanaoendeshwa na kompyuta hukusanywa na kuingia kwenye pochi kila dakika 20. Kabla hujalalamika, tazama saa.

Upungufu ndio wenye matabaka. Anza na shirika lako, yaani chama cha wachezaji ulichojiunga nacho: bosi wake hupanga kodi, na inakatwa kabla pesa haijakufikia. Halafu tazama kama ulikuwa kwenye kundi, maana zawadi hugawanywa kwa waliopo. Kisha angalia ulikokuwa. Tangu mwishoni mwa 2020, ukiwinda kwenye maeneo yasiyo na sheria ya CONCORD, sehemu ya kila baunti inaingia kwenye benki ya mfumo iitwayo ESS na kulipwa baadaye, na wakati inasubiri, mgeni yeyote mwenye ubavu anaweza kuja kuidukua. Juu ya hapo kila mfumo una kipimo chake cha malipo. Ukiwindwa sana kinashuka, ukipumzishwa kinapanda. Kwa hiyo ukiona haramia yuleyule aliyekulipa vizuri wiki iliyopita leo analipa kidogo, malisho yamekwisha. Hamisha kundi, kama mfugaji yeyote angefanya.

Dalili: nataka kumwekea baunti aliyeniua, ofisi siioni

Huioni kwa sababu haipo. Iliondolewa mwaka 2020, na miongozo mingi inayozunguka bado ni ya zamani. Historia yake ina manufaa kwa yeyote anayejiuliza kwa nini baunti kati ya wachezaji huharibika kila mahali.

Mwanzoni kabisa mfumo wa EVE ulikuwa rahisi: weka pesa kichwani mwa adui, na atakayemwua yeye mwenyewe ndani ya kidonge chake cha kuokokea anazichukua zote. Kilichofuata ungekitabiri. Mwenye baunti kubwa alimpigia rafiki, au akafungua akaunti ya pili, akajiua, akachukua fedha. Aliyemchukia akawa amempa zawadi. Kidonge ni cha bei ndogo, baunti ni kubwa, na tofauti yake ni faida safi.

Desemba 2012 toleo la Retribution lilikuja na dawa: kila kifo hulipa asilimia 20 tu ya thamani ya kilichoharibiwa, mpaka fungu liishe. Sasa ukijiua mwenyewe unapoteza mia kupata ishirini. Wizi ukafa, na kihesabu ninaona ni suluhisho safi kabisa: zawadi isizidi hasara ya anayekufa. Lakini msisimko nao ulikufa. Mwindaji hakupata cha maana kwa kumfuata mtu mmoja mifumo kumi. Wakati huohuo kuweka baunti kulikuwa rahisi kiasi kwamba watu waliwekeana kwa utani, na alama ya kusakwa ikawa kichwani mwa kila mtu. Soko zima likisakwa, hasakwi mtu.

Kulikuwa pia na mtego wa kisheria ambao hadi leo wanaosoma miongozo ya zamani hunaswa nao. Baunti juu ya mchezaji haikuwahi kukupa ruhusa ya kumpiga kwenye maeneo salama. Ulimpiga, CONCORD walikulipua, yeye akaondoka. Ruhusa inatokana na kitu kingine, haki ya kulipiza anayopewa aliyeshambuliwa kinyume cha sheria. Inadumu siku 30 na unaweza hata kuiuza. Ikiwashwa, mlengwa anakuwa mshukiwa kwa dakika 15 na kila aliye karibu anaweza kumpiga. Kama una kisasi EVE leo, hiyo ndiyo njia yako.

Dalili: kwenye Star Citizen alama ya mtu ninayemsaka imepotea

Katika mchezo huu taarifa za uhalifu hupita kwenye mitambo ya mawasiliano iliyotawanyika angani. Mtu akiuzima mtambo wa eneo hilo, makosa yanayofanyika hapo hayarekodiwi na ufuatiliaji unayumba. Nenda kauwashe kwanza, ukijua kuwa aliyeuzima huenda yuko jirani anangoja mtu mwema kama wewe. Na kama ni kandarasi za bei kubwa ndizo huzioni, umeruka ngazi: kuna vyeti vya uwindaji vya kupitia, kuanzia walengwa wepesi.

Dalili: mimi na mwenzangu tuko mfumo mmoja, kila mtu anawinda peke yake

Hili linatuhusu sana sisi wa huku. Elite huunganisha mashine za wachezaji moja kwa moja, si kupitia seva moja kubwa. Mkiwa wote kwenye intaneti ya simu, mitandao mingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mashine zenu zinashindwa kupeana mkono. Hakikisheni kwanza mko kwenye hali ileile ya kucheza, ya wazi au ya kundi lilelile la faragha. Undeni kikosi kabla ya kukutana, mmoja awashe kinara chake na mwingine ashukie hapo. Ikigoma, mmoja wenu ahamie kwenye faiba na kufungua mlango wa mchezo kwenye ruta. Mara nyingi mmoja mwenye njia wazi anatosha.

EVE haina tatizo hilo kwa kuwa wote wako kwenye seva moja, ambayo iko London, na inahesabu mambo sekunde kwa sekunde, hivyo kuchelewa kidogo hakuumi. Kinachouma ni kukatika. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, Tanzania na majirani walibaki na intaneti ya kutambaa, na siku kama hizo uwindaji ni wa kuahirisha.

Umeme ukikatika katikati ya pambano, kwenye Elite chombo chako hutoweka na vocha kwa kawaida utazikuta ukirudi. Usiifanye iwe tabia, kwa sababu kuzima mashine makusudi ili usife huhesabiwa ni udanganyifu. Njia halali ni kutoka kupitia menyu, ambayo hukusubirisha sekunde 15 ukiwa hatarini. EVE ni kali zaidi: kama umepigana na mchezaji, chombo kinabaki angani mpaka dakika 15 za alama hiyo ziishe, uwepo au usiwepo. Betri ya akiba ya ruta na mashine, hata ndogo, itakulinda kuliko ngao yoyote utakayonunua humo ndani.